Mtoto Amefungiwa Ndani ya Gari: Usubiri Ufunguo wa Akiba, Umwite Fundi, Upige Zimamoto au Uvunje Kioo?

Funguo zimebaki ndani, milango imejiloki, na mtoto wa miaka miwili amefungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma akikutazama kupitia kioo. Halihitaji mzazi mzembe jambo hili ili litokee. Gari nyingi tunazoendesha hapa Tanga, zikiwemo Toyota IST, Vitz, Raum na Noah, zimeletwa kutoka Japani zikiwa zimekwishatumika, na rimoti zake zina kitufe ambacho kidole cha mtoto hukibonyeza bila taabu. Nyingine hujiloki zenyewe baada ya nusu dakika au dakika moja, iwapo zilifunguliwa kwa rimoti na hakuna mlango uliofunguliwa. Mzazi humpa mtoto funguo achezee ili atulie, kisha hufunga mlango na kuzunguka nyuma kupakia mizigo kwenye buti.

Mimi ndivyo nilivyofanya katika soko la samaki la Deep Sea, mwezi wa Februari, saa sita mchana, gari likiwa juani. Watu waliokusanyika walinishauri mambo manne tofauti: mmoja alisema ufuatwe ufunguo nyumbani, wa pili akasema aitwe fundi, wa tatu akawa ameshaanza kupiga simu Zimamoto, na mzee mmoja muuza samaki akasema, "Mwanangu, vunja kioo." Kila mmoja alikuwa na hoja. Nilichokosa ni namna ya kuzipima hoja hizo haraka, na ndiyo maana nimeuandika ulinganisho huu kwa ajili ya mzazi, dereva, yaya au babu atakayesimama pale niliposimama.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni hali ya mtoto kwa wakati huo, na hiki kinavitawala vingine vyote. Mtoto anayelia kwa nguvu, anayekufuata kwa macho na anayejibu unapomwita bado ana nguvu. Mtoto aliyelegea, anayesinzia ghafla, anayetapika, aliyewiva uso au aliyeacha kukujibu yumo hatarini, hata kama dakika zilizopita ni chache. Wengi wetu hufarijika mtoto anapoacha kulia, tukidhani ametulia. Ndani ya gari lenye joto, kunyamaza kunaweza kuwa ndiyo dalili mbaya kuliko zote.

Kigezo cha pili ni dakika, yaani muda utakaopita mpaka mlango ufunguke. Usihesabu ule ambao fundi atautumia kwenye kitasa peke yake. Mwaka 2005, watafiti wa Marekani Catherine McLaren, Jan Null na James Quinn walichapisha katika jarida la Pediatrics vipimo vya gari lililoegeshwa juani katika siku ambazo joto la nje lilikuwa kati ya nyuzi 22 na 36 za Selsiasi. Joto la ndani lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 katika saa moja, na takriban asilimia 80 ya ongezeko hilo ilitokea katika nusu saa ya mwanzo. Kuacha vioo wazi kidogo hakukusaidia kwa kiasi cha kutegemewa. Ukiyachukua mahesabu hayo ukayaleta Tanga wakati wa kaskazi, ambapo mchana joto la nje hufikia nyuzi 32, utaona kwamba gari lililo juani laweza kukaribia nyuzi 50 ndani ya nusu saa. Mwili wa mtoto mdogo hupanda joto mara 3 hadi 5 kwa kasi zaidi kuliko wa mtu mzima, na unapofika nyuzi 40 mtoto yumo katika hatari ya kiharusi cha joto, yaani mwili kushindwa kujipoza.

Kivuli husaidia, lakini kwa kiasi. Utafiti uliofanyika Arizona na kuchapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba, katika joto la kiangazi cha huko, mwili wa mtoto wa miaka miwili ungeweza kufikia kiwango cha hatari baada ya takriban saa moja gari likiwa juani, na chini kidogo ya saa mbili likiwa kivulini. Makadirio hayo yasichukuliwe kuwa ruhusa ya kusubiri saa nzima. Mtoto mwenye homa, aliyeharisha au aliyevikwa nguo nzito hana akiba ya muda kama mwenzake.

Kigezo cha tatu ni madhara ambayo njia yenyewe inaweza kumletea mtoto au gari. Cha nne ni gharama, na nimekiweka mwisho kwa makusudi, maana pale Deep Sea nilijikuta nikikiwaza mapema mno.

Ufunguo wa akiba

Njia hii haimtishi mtoto, haiharibu chochote na haigharimu zaidi ya nauli ya bodaboda. Udhaifu wake wote umo katika umbali. Ukienda mwenyewe unalipa safari mbili, kwenda na kurudi, na unamwacha mtoto bila uso anaoufahamu. Kama nyumbani kuna mtu anayejua ulipo ufunguo, akimpa bodaboda aulete, safari inabaki moja. Kwa hiyo kabla ya kuichagua njia hii jiulize maswali mawili: je, kuna mtu nyumbani sasa hivi, na je, anajua droo ipi? Mume wangu alikuwa kazini bandarini, dada wa kazi alikuwa nyumbani kwetu Sahare, na dakika tano za mwanzo zilipotea nikimwelekeza kwa simu kabati lisilo lenyewe.

Tatizo jingine ni kwamba gari nyingi zilizotumika hufika nchini zikiwa na ufunguo mmoja tu. Watu huahirisha kuchonga wa pili kwa kuogopa gharama ya ufunguo wenye chipu, na hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu wengi hawajui kwamba ufunguo mkavu usio na chipu, unaochongwa kwa bei ndogo, hauwezi kuwasha gari lenye ulinzi huo lakini unaweza kufungua mlango wa dereva. Kengele ya gari inaweza kulia, iache ilie. Vilevile, rimoti nyingi za gari la kuwasha kwa kitufe zimefichwa ndani yake ufunguo mdogo wa chuma. Anayeushika ufunguo mkavu akauweka kwenye pochi, au akampa jirani wa dukani, amejipunguzia umbali ule ambao ndio udhaifu pekee wa njia hii.

Inamfaa aliye karibu na nyumbani, mwenye mtu wa kuuleta ufunguo, gari likiwa kivulini na mtoto akiwa mchangamfu. Aliye Muheza au Segera huku ufunguo uko Chumbageni asiihesabu kuwa njia.

Fundi wa funguo na milango

Fundi mzuri hupenyeza kabari au mfuko wa kujazwa hewa juu ya mlango, akapata mwanya mwembamba, kisha akaingiza fimbo ya chuma hadi kwenye kitufe cha loki au mkono wa mlango. Katika gari za zamani zenye kile kijiti kinachosimama dirishani, hata utepe wa plastiki wenye kitanzi unatosha kukivuta juu. Kazi yenyewe huweza kuchukua dakika chache mikononi mwa aliyeizoea, na gari hubaki zima, isipokuwa pengine raba ya mlango kuchubuka au fremu kupinda kidogo.

Lakini saa haianzi kuhesabiwa anapogusa mlango. Inaanza unapopiga simu, ukaongeza muda wa yeye kufunga kazi aliyonayo, kutafuta vifaa na kuja. Ijumaa saa saba mchana, wengi wao wako msikitini. Jumapili wengine hawafungui. Pia kuna tofauti kubwa kati ya fundi na mtu mwenye waya. Pale sokoni kijana mmoja, kwa moyo mwema kabisa, alichukua waya wa henga akauingiza pembeni mwa kioo, na tulimtazama kwa matumaini huku dakika zikiyeyuka, kwa kuwa kila baada ya muda alisema, "Bado kidogo, mama." Sikumlaumu wala simlaumu leo. Ninachosema ni kwamba anayejaribu awekewe kikomo kabla hajaanza, na awepo mtu mwingine ambaye kazi yake ni kumtazama mtoto, wala asishughulike na kitasa hata kidogo.

Kwa upande wa mtoto, njia hii haina hatari kubwa. Kwa upande wa mfuko, ni malipo ya ufundi, na mara nyingi ni chini ya bei ya kioo.

Inafaa pale ambapo muda upo kweli. Wifi yangu alifungiwa mwanawe Raskazone mwezi wa Julai, gari likiwa chini ya mwembe, injini ikiunguruma na kipoza hewa kikifanya kazi, mtoto akiwa amefungwa mkanda anakula biskuti. Alimwita fundi, akasubiri amesimama dirishani, na alifanya sawasawa. Injini inayowaka yenyewe ina mambo yake ya kuangaliwa: mafuta yanaweza kuisha, mtoto asiye na mkanda anaweza kuvuta gia, na ikiwa gari limo ndani ya banda lililofungwa, moshi ni sumu, na hapo hakuna kumsubiri mtu.

Zimamoto na Uokoaji

Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina jina lenye neno "uokoaji" ambalo wengi tunalisahau, tukidhani kazi yao ni nyumba zinazoungua. Namba yao ya dharura ni 114. Wanazo zana za kufungulia na kuvunjia, wamefunzwa kushughulika na mtu aliyenaswa ndani ya gari, na uwepo wao hutuliza kundi la watu ambalo kila mmoja anataka kujaribu lake. Usifikirie kwamba lazima watafungua bila kuharibu. Wakiona hali ya mtoto inadai hivyo, nao watavunja.

Muda unategemea ulipo na barabara ilivyo. Aliye katikati ya mji ana matumaini tofauti na aliye Pongwe au njia ya Pangani. Jambo linalopunguza dakika na lililo mikononi mwako ni namna unavyoeleza. Usiseme "niko sokoni". Taja eneo, kisha alama inayoonekana kutoka barabarani, kama msikiti, shule au kituo cha mafuta. Sema umri wa mtoto, kama anajibu, kama gari liko juani na kama injini inawaka. Kisha mtume mtu asimame barabarani awapungie mkono.

Simu hii haishindani na njia nyingine. Unaweza kuwa umemwagiza bodaboda ufunguo na wakati huohuo mtu mwingine anapiga 114, na mlango ukifunguka kabla hawajafika unawapigia tena kuwaarifu. Mimi nililazimika kufanya hivyo, na sikujuta kwamba waliitwa. Inamfaa hasa asiye na zana wala nguvu ya kuvunja, aliyepotewa na utulivu, au ambaye mtoto wake amenaswa kwa namna isiyo ya kawaida.

Kuvunja kioo

Hii ndiyo njia ya haraka kuliko zote nne pale chombo cha kuvunjia kinapokuwepo, na ndiyo inayoogopwa zaidi. Hofu ya kwanza ni kwamba vipande vitamkata mtoto. Ni hofu ya haki, lakini inafaa ijulikane kwamba vioo vya pembeni vya gari nyingi hutengenezwa ili vikipasuka vigeuke punje ndogo, tofauti na kioo cha dirisha la nyumba kinachoacha makali marefu. Kioo cha mbele ni habari nyingine: kina tabaka mbili zilizounganishwa na utando wa plastiki katikati, hakimwagiki, na kukipiga ni kupoteza nguvu na muda.

Chagua dirisha la pembeni lililo mbali zaidi na mtoto. Akiwa amekaa nyuma kulia, piga la mbele kushoto. Lenga pembe ya chini ya kioo, karibu na fremu, kwa kuwa katikati hunepa na kurudisha pigo. Tumia kitu kigumu chenye ncha: nyundo, spana ya tairi, bisibisi nene inayogongwa kwa jiwe. Ngumi na kiwiko vitaumia kabla ya kioo. Jiwe lishikwe mkononi mwako, lisirushwe, kwani likirushwa litapita na kuendelea mpaka litakakotua. Funga mkono kwa khanga nzito, geuza uso wako, na mwambie mtoto kwa sauti ya kawaida afumbe macho, kama ana umri wa kuelewa. Vioo vyenye tinti ya kubandika vinaweza kupasuka vikabaki vimeshikana. Hapo vuta utando huo kuelekea nje. Kisha ingiza mkono, fungua mlango, nenda upande wa mtoto umtoe kwa mlango wake, wala usimpitishe juu ya dirisha lililovunjika. Kagua nywele zake, mikunjo ya nguo, chini ya mkanda na, zaidi ya yote, mdomo wake, maana mtoto wa umri huo huonja kila kitu.

Gharama yake ni kioo na ufundi wa kukifunga. Kwa gari zilizozoeleka, kioo kilichotumika hupatikana, na kisipopatikana mjini huagizwa Dar es Salaam kikaja na basi. Kwa siku mbili tatu utaendesha na karatasi ya nailoni dirishani. Yule mzee wa Deep Sea aliliona hilo likinizuia, akaniambia, "Mwanangu, kioo kinanunuliwa." Mwanangu alikuwa amekwisha kunyamaza, kichwa kimelala begani. Mchukuzi mmoja alivunja dirisha la mbele kwa spana ya tairi iliyoazimwa kwenye gari la jirani. Ufunguo wa akiba ulifika dakika chache baadaye.

Hata hivyo sisemi kwamba kila mzazi avunje. Mtoto wa wifi yangu angevunjiwa kioo angeogopa bure, na mzazi anayepiga kwa mikono inayotetemeka dirisha lililo karibu na mtoto anaweza kumletea jeraha ambalo joto lilikuwa bado halijamletea. Njia hii inamfaa yule ambaye mtoto wake ameonyesha dalili, au ambaye akihesabu kwa unyofu anaona kwamba msaada mwingine wote uko mbali kuliko muda alio nao.

Uchague ipi, kwa hali ipi

Kabla ya zote, zunguka gari ujaribu milango yote pamoja na buti, kwa sababu mara nyingine mmoja haukushika. Kama mtoto hana mkanda na ana umri wa miaka mitatu au zaidi, mwelekeze kwa utulivu avute mkono wa mlango wa mbele au abonyeze rimoti aliyoishika. Milango ya nyuma huenda isifunguke kwa ndani ikiwa loki ya watoto imewekwa. Wakati hayo yakiendelea, watu wafunike vioo vya upande wa jua kwa khanga au turubai, wakiacha wazi kioo kimoja cha kumwangalia mtoto.

Mtoto akiwa amelegea, anatapika, ana degedege au hajibu, vunja sasa, gari liwe kivulini au juani, fundi awe yuko njiani au la.

Mtoto akiwa mchangamfu lakini gari liko juani na injini imezimwa, piga 114, agiza ufunguo, na uweke kikomo kwa saa ya mkononi. Mimi ningejiwekea dakika tano. Kikomo kikifika kabla ya ufunguo, vunja, hata kama anayeuleta anasema amefika barabara ya pili.

Mtoto akiwa mchangamfu, gari limo kivulini, ni asubuhi na mapema au jioni ya kipupwe, ufunguo wa karibu ndio wa kwanza kufikiriwa, na fundi ndiye wa pili. Mtazame mtoto muda wote, na dalili yoyote ikibadilika, mpango nao ubadilike.

Injini ikiwa inawaka na kipoza hewa kinafanya kazi mahali penye hewa wazi, fundi anafaa kuliko wote, mradi mtu asibanduke dirishani na chombo cha kuvunjia kiwe kimeshapatikana, kimewekwa chini karibu na tairi.

Ukiwa safarini, katikati ya Segera na Tanga, fundi na ufunguo vyote viko mbali. Simamisha gari linalopita uombe spana ya tairi, mtu mwingine apige 114, na usiendelee kutafuta waya.

Na kama ni mjukuu wako au mtoto wa jirani uliyeachiwa, usisubiri kumpata mzazi kwa simu ili akuruhusu kuvunja gari lake.

Mtoto akishatoka, mpeleke kivulini, mvue nguo, mloweshe mwili kwa maji ya kawaida na umpepee. Akiwa macho na anameza vizuri, mpe maji au maziwa kidogo kidogo. Akiwa amesinzia au hajitambui, usimtie chochote mdomoni. Kama alionyesha dalili yoyote kati ya zile nilizotaja, mpeleke hospitali hata kama amerudi kucheka. Sisi tulikwenda Bombo tukiwa na taulo mbichi, na njiani nikaendelea kumlowesha.